Muuguzi akikosea: Je, sitara ya Mungu inafuta haki ya mgonjwa?

Jumamosi moja, baada ya darsa la Alasiri katika msikiti mmoja hapa Kariakoo, dada mmoja alibaki barazani akisubiri watu wapungue. Nilimtambua. Nilimfundisha Maarifa ya Uislamu alipokuwa sekondari, na sasa ni muuguzi katika wodi ya watoto kwenye hospitali moja hapa jijini. Alikuja na mdogo wake wa kiume. Baada ya salamu akasema: "Ustadh, nina swali linanikosesha usingizi. Ila naomba usinitaje."

Simtaji, wala sitaji hospitali. Swali lake nalileta mbele yako, ndugu msomaji, kwa idhini yake, kwa sababu naamini si lake peke yake. Ni swali la kila mtu aliyekabidhiwa uhai wa mwenzake, na ni swali letu sote, kwani hakuna nyumba Kariakoo, Ilala au Magomeni ambayo haijawahi kulaza mgonjwa.

Kisa chenyewe ni hiki. Alikuwa zamu ya usiku. Wodi ilijaa, na kitanda kimoja walilazwa watoto wawili. Kwa bahati mbaya watoto wale jina lao la kwanza ni moja. Mmoja alikuwa na nimonia na anachomwa sindano za antibiotiki kwa saa maalumu. Mwingine aliletwa kwa malaria. Karibu na alfajiri, akiwa amechoka na huku mzazi mwingine anamwita upande wa pili wa wodi, alimchoma sindano yule wa malaria, kisha akaweka saini kwenye karatasi ya dawa ya yule wa nimonia. Aligundua kosa lake alipokuwa ananawa mikono. Alikaa karibu na mtoto yule mpaka kukapambazuka, akaona hana tatizo lolote. Akakabidhi zamu, akaenda nyumbani. Hakumwambia mtu.

"Mtoto hakudhurika, alhamdulillah," alisema. "Mwenyezi Mungu amenisitiri. Na wewe Ustadh ndiye uliyetufundisha kwamba mja akisitiriwa na Mola wake asijifichue. Sasa nikienda kujisema kwa matroni, si nitakuwa navunja sitara ya Mungu?"

Nakiri kwamba swali lilinishika. Kwanza kwa sababu ni kweli niliwafundisha hivyo. Pili kwa sababu alilileta kwa unyoofu, si kwa hila. Nikamuuliza jambo moja tu: "Na yule mwingine je? Yule wa nimonia?"

Akanyamaza. Kisha akasema, "Sijui. Tangu siku ile niko kwenye mapumziko."

Hapo ndipo ilipo nukta ya makala hii. Kosa lile lilikuwa na watoto wawili ndani yake, si mmoja. Mmoja alipewa dawa isiyo yake, akanusurika. Mwingine alikosa dawa iliyo yake, na karatasi inasema amepata. Daktari atakayepita asubuhi ataisoma karatasi ile na kuiamini. Akimkuta mtoto hajapata nafuu, huenda akadhani dawa haifanyi kazi, kumbe dawa haikuingia mwilini. Sitara ya muuguzi imekuwa pazia mbele ya macho ya daktari.

Sitara ni ya nani na juu ya nini?

Uislamu umetufundisha kusitiri. Mtume (S.A.W.) ametahadharisha juu ya mtu anayefanya dhambi usiku, Mola wake akamfunika, kisha kukicha akasimama hadharani kujitangaza. Hilo ni sahihi na hatulirudi nyuma. Lakini wanazuoni wetu wamelifafanua jambo hili kwa kugawa haki mafungu mawili: haki za Mwenyezi Mungu na haki za waja. Aliyeteleza katika haki ya Mola wake, kati yake na Yeye, hutubu kwa siri na Mola ni Mwingi wa kusamehe. Ama aliyechukua haki ya mja, toba yake haitimii mpaka airudishe haki ile kwa mwenyewe au aombe radhi. Mwizi hawezi kusema "Mungu amenisitiri" huku ng'ombe wa watu yumo zizini mwake.

Sasa tujiulize: taarifa ya kwamba mtoto kachomwa dawa gani, saa ngapi, na dozi ipi imerukwa, ni mali ya nani? Si mali ya muuguzi. Ni mali ya mgonjwa, na kwa kuwa ni mtoto, ni ya wazazi wake na ya wale watakaomtibu baada ya zamu ile. Muuguzi amekabidhiwa tu. Karatasi ya dawa ni amana iliyoandikwa. Kuweka saini ya uongo, au kuiacha saini ya kimakosa ibaki pale baada ya kujua kuwa si kweli, ni kuzuia haki ya mtu ambaye hajui hata kwamba anadai.

Kwa hiyo nilimwambia dada yule kwamba sitara aliyoifahamu haikai hapa. Aisitiri nafsi yake katika yale yaliyo kati yake na Mola wake, lakini haki ya mtoto haisitiriwi.

"Siku yake imefika"

Kuna kauli ya pili ambayo nayo inatumika vibaya, na hii ni yetu sisi tuliobaki nje ya wodi. Miaka kadhaa iliyopita alifariki mzee mmoja wa mtaani kwetu, akiwa amelazwa hospitalini. Mwanawe aliyekuwa akimuuguza alisema mtungi wa oksijeni uliisha usiku, akaenda kumwita muuguzi wa zamu mara mbili, na ulipokuja kubadilishwa mzee alikuwa ameshatulia. Kijana yule alipolieleza hilo matangani, wakubwa walimkatiza. "Mwanangu, muogope Mungu. Siku yake imefika. Hata angekuwa India angekufa." Kijana akainama, na jambo likazikwa pamoja na mzee.

Sisemi kwamba muuguzi yule alizembea. Sijui, na hakuna anayejua, kwa sababu hakuna aliyeuliza. Huenda mtungi wa akiba haukuwepo. Huenda alikuwa peke yake kwa wodi mbili. Huenda alikuwa amelala. Majibu hayo matatu yanatofautiana kama mbingu na ardhi, na kila moja lina dawa yake. Sisi tukayafunga yote kwa sentensi moja.

Ni itikadi yetu kwamba kila nafsi ina ajali yake, haitangulii wala haichelewi. Lakini tazama jinsi sharia yenyewe ilivyoliweka jambo hili. Katika Surat An-Nisaa, aya ya 92, Mwenyezi Mungu (S.W.) ameweka hukumu ya mtu aliyemuua muumini kwa kukosea, pasi na kukusudia: kuna kafara, na kuna diya ya kuwapa jamaa za marehemu, isipokuwa wakisamehe. Fikiri vizuri, ndugu msomaji. Marehemu yule naye siku yake ilikuwa imefika. Muuaji hakukusudia. Pamoja na hayo, sharia haikusema "basi, ni kadari, tawanyikeni." Imemtaka aliyekosea awajibike, na imewapa wafiwa haki ya kudai na haki ya kusamehe. Na huwezi kusamehe jambo ambalo hukuambiwa.

Kuna pia kisa alichokipokea Jabir (r.a.). Maswahaba walikuwa safarini, mmoja wao akapata jeraha la kichwa, kisha akapatwa na janaba. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hawamwoni na ruhusa hiyo maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Habari zilipomfikia Mtume (S.A.W.) hakusema siku yake ilifika. Aliwakemea kwa ukali mkubwa, akawabebesha dhima ya kifo kile, na akafundisha kwamba asiyejua tiba yake ni kuuliza. Maswahaba wale walikuwa watu wema, na nia yao ilikuwa njema. Nia njema haikutosha, kwa sababu walitoa jibu katika jambo wasilolijua, na mtu aliwaamini.

Kauli ya "siku yake imefika" ni ya mfiwa kujifariji, na ni faraja ya kweli. Aliyekuwa na dhamana ya kumhudumia marehemu hana haki ya kuitumia kuzima swali.

Dhambi na dhima si kitu kimoja

Hapa baadhi ya wauguzi wanaosoma watauliza: "Basi Ustadh, sisi kila tukiteleza tuna dhambi? Nani atabaki kwenye kazi hii?"

La hasha. Ni katika rehema za dini yetu kwamba umma huu umesamehewa kosa, usahaulifu na lile mtu alilolazimishwa. Aliyekosea bila kukusudia na bila kupuuza, hana dhambi ya kosa lile. Lakini mafakihi wametenganisha vitu viwili ambavyo sisi tunavichanganya: dhambi na dhima. Dhambi ni baina yako na Mola, na huondoka kwa kutokukusudia. Dhima ni haki ya mtu mwingine, na haiondoki kwa sababu tu hukukusudia. Dereva aliyeteleza kwenye matope ya Jangwani akavunja genge la mama muuza nyanya, hana dhambi. Lakini genge atalilipa.

Imam Ibn al-Qayyim aliyapanga makundi ya matabibu kwa ufafanuzi mzuri. Tabibu mjuzi aliyeipa kazi haki yake, hakuvuka mpaka, na mgonjwa akadhurika kwa ugonjwa wenyewe au kwa athari isiyozuilika, hana dhamana juu yake. Asiyejua akajitia kutibu, huyo anadhamini, na hilo limesimama juu ya Hadithi aliyoipokea Abu Daud na wengine. Tukumbuke hili tunapochomwa sindano nyuma ya duka la dawa na mtu ambaye hatujui kasomea wapi. Kisha kuna tabibu mjuzi ambaye mkono wake umeteleza. Huyu hana dhambi, lakini dhamana ipo.

Sheria za nchi yetu nazo hazipo mbali na mpangilio huo. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 inamtaka kila muuguzi asajiliwe na awe na leseni, na Baraza la Uuguzi na Ukunga lina mamlaka ya kusikiliza malalamiko, kuonya, kusimamisha na hata kulifuta jina katika rejesta. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inalifanya kosa la jinai tendo la kumtibu mtu au kumpa dawa kwa uzembe unaohatarisha uhai. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inamlazimisha mhudumu kutunza siri ya majibu ya mgonjwa. Tazama hilo la mwisho: sheria inamwambia muuguzi asitiri, lakini asitiri aibu ya mgonjwa, si kosa lake mwenyewe. Sisi mara nyingi tunaligeuza. Siri za wagonjwa zinasikika kwenye vibaraza, na makosa ya wahudumu ndiyo yanayofunikwa.

Na muuguzi asijidanganye kwamba yeye ni mkono tu wa daktari. Ni mtaalamu aliyesomea na aliyekula kiapo. Akiona dozi iliyoandikwa inatia shaka, wajibu wake ni kuuliza kabla ya kuchoma, hata kama daktari ni mkali, hata kama ni saa tisa ya usiku. Kusema "niliambiwa" hakumvui dhima.

Mzigo si wa mtu mmoja

Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumemdhulumu muuguzi. Katika sharia, diya ya kuua kwa kukosea haibebwi na mkosaji peke yake. Inabebwa na *aqila*, yaani jamaa zake wa upande wa baba, kila mmoja sehemu yake. Na wakishindwa, wapo wanazuoni waliosema ilipwe na Baitul-mali. Kwa nini? Kwa sababu kosa lisilokusudiwa linaweza kumkuta yeyote, na si uadilifu limfilisi mmoja. Mimi naona pia kwamba watu wakijua kuwa kosa la mwenzao litawagusa mfukoni, watamchunga, watamkanya na watamsaidia kabla hajakosea.

Hili ni somo kubwa kwa hospitali zetu. Novemba mwaka 2007, hapa hapa Dar es Salaam, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), wagonjwa wawili wenye jina la kwanza linalofanana walibadilishwa. Aliyekuwa na tatizo la goti alipasuliwa kichwa, na aliyekuwa na tatizo la kichwa alipasuliwa goti. Mmoja wao baadaye alifariki. Nchi nzima ilishituka, na swali lililosikika kila kijiwe lilikuwa moja: nani kafanya?

Lilikuwa swali la haki, lakini halikutosha. Kati ya kitanda cha mgonjwa na meza ya upasuaji kuna watu wengi: anayeandaa faili, anayemtoa mgonjwa wodini, anayempokea, anayempa dawa ya usingizi, anayeshika kisu. Kila mmoja anaweza kudhani aliyemtangulia ameshauliza jina kamili. Swali la pili basi ni hili: kwa nini hapakuwa na kituo ambapo lazima wote wasimame na kuuliza kwa pamoja?

Jambo la kuzingatia ni kwamba kipindi kile kile jibu lilikuwa likijaribiwa katika nchi yetu wenyewe. Shirika la Afya Duniani lilikuwa linatengeneza orodha fupi ya ukaguzi wa upasuaji, iliyotangazwa mwaka 2008, ambayo timu nzima husimama na kuthibitisha kwa sauti: mgonjwa ni nani, anapasuliwa nini, wapi. Ilijaribiwa katika hospitali za miji minane duniani, zikiwemo London, Seattle, New Delhi, na Ifakara yetu ya Morogoro. Matokeo yalitolewa Januari 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Hawakuleta malaika wa kupasua. Ni binadamu wale wale, wamewekewa utaratibu wa kuulizana.

Hata nchi tajiri hazijasalimika. Mwaka 1999 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilikadiria kwamba kati ya watu 44,000 na 98,000 walikuwa wanakufa kila mwaka katika hospitali za nchi ile kutokana na makosa ya kitabibu. Basi kukosea si aibu ya Kiafrika, wala si dalili ya kukosa imani.

Huko huko Marekani, Desemba 2017, muuguzi wa Tennessee aitwaye RaDonda Vaught alichukua dawa ya kulegeza misuli badala ya dawa ya kutuliza, akampa mama wa miaka 75, na yule mama akafariki. Muuguzi yule alipotambua alikiri mara moja kwa wakubwa wake. Hospitali haikuitoa taarifa ile kwa mamlaka kama ilivyotakiwa. Ilikuja kujulikana mwaka 2018. Machi 2022 mahakama ilimtia hatiani muuguzi, na Mei akahukumiwa kifungo cha nje cha miaka mitatu. Wauguzi wengi walilalamika: kama aliyesema kweli ndiye anayesimamishwa kizimbani peke yake, nani atasema kweli tena?

Malalamiko yao yana uzito. Uongozi unaomwangamiza mkweli unafuga waongo. Na hapa nawageukia wenye madaraka ya hospitali, za serikali, za watu binafsi, na zile zinazoendeshwa na taasisi zetu za Kiislamu. Muuguzi mmoja akiachiwa usiku wodi nzima yenye watoto wawili wawili kitandani, aliyempanga hivyo naye ana sehemu yake katika *aqila*. Anayelipokea kosa kwa matusi mbele ya wagonjwa ana sehemu yake. Nasi wananchi tunaompiga nesi makofi wodini, au tunaomtia kitu kidogo mfukoni ili amuache mgonjwa wa maskini amkimbilie wa kwetu, tuna sehemu yetu.

Hata hivyo, hofu ya adhabu inaeleza kwa nini mtu anaficha, haihalalishi kuficha. Tunaikumbuka hadithi ya yule binti aliyesikiwa na Sayyidna Umar (r.a.) usiku, mama yake akimtaka achanganye maziwa na maji kwa kuwa Umar hawaoni, naye akajibu kwamba kama Umar haoni, Mola wa Umar anaona. Zamu ya usiku ndiyo mizani ya muuguzi. Mchana kuna daktari, kuna matroni, kuna ndugu. Saa kumi alfajiri kuna mtoto asiyejua kusema, na Mola wake.

Tusisahau kwamba kazi hii ina heshima ya kale katika dini yetu. Katika vita vya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria, Saad bin Muadh (r.a.) alipojeruhiwa, Mtume (S.A.W.) aliagiza awekwe katika hema la Rufaida, bibi aliyekuwa akiwauguza majeruhi, pale pale msikitini, ili awe karibu naye kumjulia hali. Saad alifariki baadaye kwa jeraha lile. Siku yake ilifika. Lakini ilimkuta mikononi mwa mtu aliyeipa amana haki yake.

Kilichotokea

Nilimwambia dada yule mambo manne, kwa mpangilio. La kwanza, haki ya mtoto inayoharibika sasa hivi: apige simu wodini kabla hatujaongea jingine. La pili, karatasi irekebishwe kwa uwazi, kosa liandikwe kuwa kosa. La tatu, wazazi wote wawili waambiwe, kupitia uongozi wa wodi. La nne, yeye mwenyewe, adhabu yake na aibu yake. Nilimwambia tatizo lake ni kwamba alikuwa ameianza orodha hii kutoka mwisho.

Alipiga simu akiwa pale pale barazani, sauti inatetemeka. Yule mtoto wa nimonia alikuwa bado wodini, anaendelea na dawa, hali yake inaridhisha. Jumatatu aliandika maelezo. Alipewa onyo la maandishi, na halikuwa jepesi kwake. Mama wa mtoto aliyechomwa dawa isiyo yake alikasirika sana, na alikuwa na haki ya kukasirika. Mama wa pili, kama alivyonisimulia, alikaa kimya muda mrefu, kisha akamuuliza: "Sasa usingesema, mimi ningejua kwa nani?"

Alilia aliponieleza hilo. Sikuwa na la kuongeza. Baada ya wiki chache nikasikia kuwa katika wodi ile sasa watoto wanafungwa kitambaa mkononi chenye jina la mtoto, la baba na namba ya faili, na wanaolala kitanda kimoja majina yao yakifanana huandikwa kwa wino mwekundu. Kitambaa na kalamu: hivyo ndivyo vilivyokuwa vinakosekana, na visingepatikana kama kosa lingebaki limesitiriwa.

Ndugu yangu muuguzi, ukikosea, sema mapema, maana ukimya wako unaweza kuua baada ya sindano kuisha. Nawe kiongozi wa hospitali, mpokee mkweli kwa namna ambayo wa pili yake hataogopa kuja. Nasi wafiwa, tuseme Innaa lillaahi wa innaa ilayhi raajiuun kwa moyo wote, kisha, kwa adabu na bila ngumi, tuulize mgonjwa wetu alihudumiwaje. Kuuliza hakupunguzi imani, na huenda kukamwokoa mgonjwa atakayelazwa kesho kwenye kitanda kile kile.

Haya ni kwa kiasi cha elimu yangu ndogo, na masheikh wetu watanisahihisha nilipoteleza. Wallaahu aalam.